Mwenye Kesi ni Kope

Jumapili, usiku

Jicho la mbwa wangu Simba lenyewe halina kosa. Mwenye kesi ni kope. Ukingo wa kope ya chini ulijikunja kwa ndani, manyoya yakawa yanalalia konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, na kuikwangua kila anapopepesa. Ndiyo yale machozi yasiyokatika, matongo kila asubuhi na jicho kufumbwa mchana kutwa. Madaktari huita entropioni. Anayeujua ugonjwa wa vikope kwa binadamu ataelewa upesi adha yake, ingawa huko chanzo ni bakteria, na huku mara nyingi mbwa huzaliwa na umbile hilo.

Uchunguzi ndio ulionivutia kuliko yote. Daktari alitia rangi ya fluoresini, akamulika kwa mwanga wa buluu, na pale konea ilipochubuka pakang'aa kijani. Halafu akadondosha dawa ya ganzi, akatulia tu. Nikawa najiuliza tunangoja nini, mara kope ikaanza kulegea yenyewe. Kumbe jicho linalouma hujibana, na kujibana huko huzidi kuikunja kope. Maumivu yakitulizwa, mkunjo unaobaki ndio wa maumbile, na huo ndio unaopimiwa kisu. Ukikatwa kupita kiasi, kope hupinduka nje, ukawa umeondoa ugonjwa mmoja na kuleta mwingine, ektropioni: utando wa ndani unabaki wazi, unakauka na kudaka vumbi.

Upasuaji wenyewe hauna mengi. Akiwa kwenye nusukaputi alitolewa ngozi kidogo yenye umbo la hilali, chini kidogo ya ukingo wa kope, kisha pakashonwa kwa uzi mwembamba. Ngozi inapovutana, ukingo hurudi mahali pake. Watoto wa mbwa hawaharakishiwi kisu kwa kuwa uso bado unakua. Kope hushikizwa kwa nyuzi za muda, na wengine huishia hapo hapo. Simba ni mtu mzima, hakuwa na cha kungoja.

Kwenye foleni kulikuwa na kibuldogi chenye kinyama chekundu kimechomoza kwenye pembe ya jicho, upande wa puani. Mwenye mbwa alitaka kikatwe, yaishe. Daktari akakataa katakata, na nikampenda kwa hilo. Kile ni tezi ya kope ya tatu, kope ya ziada ya mbwa iliyojificha kwenye pembe ya jicho, na sehemu kubwa ya machozi ya mbwa hutoka humo. Ukiikata, jicho linaweza kukauka baadaye, uwe mtumwa wa matone maisha yote. Hutengenezewa mfuko mdogo, ikarudishwa ndani na kushonewa humo.

Ninaloshindwa kulimeza ni kwamba mengi ya haya tumeyatafuta wenyewe. Tunazalisha mbwa wa aina ya Shar Pei kwa ajili ya mikunjo na Basset Hound kwa ajili ya macho yaliyolegea, tunaita uzuri, kisha tunawalipia mshonaji. Mbwa aliyefanyiwa upasuaji huu asizalishwe. Sura yake imenyooshwa, damu yake haijabadilika.

Shemeji amepiga simu jioni, ana matone yake yaliyobaki, eti nimtilie Simba apone haraka. Matone mengine ya macho yana steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, na steroidi juu ya konea yenye kidonda inaweza kulitoboa jicho. Nimemshukuru, nikamwambia abaki nayo.