Zamu ya Kuingia 2000

Mwishoni mwa 1999 nilikuwa natunza kompyuta za kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza, kando kabisa ya ziwa. Zilikuwa chache: ya mishahara, ya stoo na ya lebo za maboksi. Hofu yenyewe kila mtu aliisikia redioni: programu za zamani ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili, kwa hiyo 00 ingeweza kusomwa 1900. Sisi ilitupigia hodi mapema, maana minofu iliyogandishwa huandikwa tarehe ya kuisha muda, na tarehe hizo zilishaanza kuangukia 2000. Lebo tukazirekebisha. Kikabaki kupanga watu.

Meneja alitaka wote tukeshe kiwandani Ijumaa ya tarehe 31. Nikamwambia, bosi, tukikesha wote, Jumamosi samaki wakiletwa nani atakuwa na macho? Usiku mashine nyingi zitakuwa zimezimwa. Kasoro itajitokeza mtu atakapoketi kuingiza mzigo. Hakufurahi, ila aliniachia kalamu.

Wakristo walitaka kwenda mkesha. Waislamu walikuwa kwenye Ramadhani, kwa hiyo jioni ilikuwa ya futari na tarawehe. Nilikuwa nafutafuta majina tu, mpaka mzee wa stoo akaniita pembeni.

“Mwanangu, mbona unahangaika? Hawa wa mkesha washike mchana mpaka saa tatu usiku. Sisi tukitoka tarawehe tunawapokea. Tunakaa macho mpaka daku hata hivyo. Wewe hakikisha daku inaliwa hapahapa, na kiwanda kinalipa.”

Kiwanda kikalipa. Jumamosi asubuhi niliwapa vijana wawili wasio na saumu wala mkesha. Mmoja alisema dini yake ni Pamba, timu ya mpira ya hapa Mwanza. Amri yao ilikuwa moja: Ijumaa walale mapema.

Asiyekuwa na wa kubadilishana naye alikuwa fundi wa jenereta. Chumba cha baridi hakijui tarehe, kinajua umeme. Fundi hakuwa na simu, basi mchana dereva akapelekwa Mabatini kuonyeshwa mlango wake, asije akaanza kuuliza majirani usiku wa manane.

Saa nane mchana kwa saa zetu, New Zealand waliingia 2000. Redio ya stoo ikasema taa zao zinawaka. Meneja huyohuyo aliyetaka tukeshe wote akaniuliza kama watu hawawezi kurudi nyumbani. Nikakataa, kompyuta yetu ya stoo haikuwa New Zealand.

Saa sita usiku honi zililia bandarini, na mzee wa stoo akaendelea na chai yake. Umeme haukukatika. Shida ilikuja asubuhi: kijana wa Pamba aliingiza mzigo wa kwanza, akachapa ripoti, akaniita. Samaki walioshushwa muda uleule walikuwa wamekaa stoo tangu 1900. Tuliandika kwa mkono huku ninarekebisha, na kabla ya adhuhuri ikakaa sawa. Aliyekesha angeipitisha ile karatasi bila kuiona.

Jumatatu meneja akauliza nani atakaa tarehe 29 Februari, kwa kuwa programu nyingine hazikujua kwamba 2000, inayogawanyika kwa 400, ni mwaka mrefu. Nikachukua karatasi mpya. Safari hii hapakuwa na daku wala mkesha wa kubadilishana, na wa kwanza kudai posho alikuwa mzee wa stoo.