Siku moja nyumba ya wazee: Bruce Forsyth na maneno yake

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nishatoka. Baridi ya Uingereza mi sijaizoea bado na huu mwaka wa sita. Tramu ya kwenda Wolverhampton inapita Bilston, na nikifika hapo lazima nimkumbuke Bruce Forsyth, yule mchekeshaji na mtangazaji maarufu wa TV ya Uingereza, maana ni hapo Bilston mwaka 1942, akiwa na miaka 14 tu, ndo alipopanda jukwaani kuanza kazi, wakimwita Boy Bruce, the Mighty Atom, yani kijana Bruce, mdogo mwenye nguvu. Kabla sijaja huku sikuwahi kumsikia hata jina. Wazee ninaowalea ndo walonifundisha.

Saa moja asubuhi tunapokea ripoti ya usiku, nani kalala, nani kakataa maji, nani kaamka akimwita mamake.

Saa moja na nusu naanza na bibi wa chumba cha dirishani. Ana miaka 91, mwanawe akija anamwona mgeni, na mimi pia kila asubuhi kwake ni mgeni, afu mgeni mwenyewe anataka kumvua nguo amwogeshe, we fikiria hiyo hofu. Zamani nilikuwa naingia na good morning yangu, ananyamaza, analivuta blanketi mpaka kidevuni na vidole vinakuwa vyeupe kwa kulikaza. Siku hizi nasimama pale mlangoni kwanza nasema, "Nice to see you, to see you..." na nasubiri. Leo nimesubiri sana. Afu kwa sauti nyembamba, "nice!" na vidole vikaachia.

Ukiyatafsiri hayo maneno hayana kitu, nafurahi kukuona, basi. Utamu uko kwenye kile kipande cha mwisho ambacho Bruce hakukisema peke yake, alikuwa anawaachia watu ukumbini wamalizie. Sisi tuliokulia Mombasa tunalijua hili vizuri sana. Nyanya akisema paukwa, we utakaa kimya? Pakawa! Sahani? Ya mchele! Giza? La mwizi! Hata uwe na usingizi mdomo unajibu wenyewe. Siku nilipoligundua hilo nilikaa kwenye ngazi nikalia kidogo, wallahi.

Saa nne chai na dawa. Kuna babu mmoja, fundi vyuma wa zamani, nikimpa kidonge ananyoosha kidole juu, "I'm in charge!" yani hapa mkubwa ni mimi. Hilo nalo la Bruce, la Sunday Night at the London Palladium, kipindi cha TV cha burudani kutoka ukumbi wa Palladium, London, alichokabidhiwa mwaka 1958. Hesabu mwenyewe, kuanzia 1942 ni miaka 16 ya kuzunguka vijumba vya maonyesho huku na huku ndo taifa zima likamjua. Babu anaisimulia hiyo kila siku na mi naisikiliza kila siku, na kidonge kinamezwa.

Saa nane mchana ndo saa yangu nzuri. The Generation Game, mchezo wa TV alioongoza Bruce, ilianza 1971, Jumamosi jioni, watu wa familia moja wanashindana wawili wawili, na mwishoni mshindi anakaa mbele ya mkanda unaotembea na bidhaa juu yake, vikipita vyote anataja anavyokumbuka na anavyotaja ndo vyake. Mimi sina mkanda, nina trei ya jikoni. Leo nimeweka burashi, kikombe, miwani, chungwa na mdoli wa dubu, nikaipitisha polepole afu nikafunika na taulo. Bibi wa dirishani hakukumbuka kikombe wala chungwa, ila akasema "cuddly toy!" kabla sijamaliza kufunika, maana kwenye mkanda ule mdoli wa manyoya alikuwa hakosi. Na yule babu akamalizia kwa maneno ya Bruce, "Didn't she do well?" yani si kafanya vizuri? Nikampa bibi dubu lake, kalala nalo mchana kutwa.

Kuna wanaosema Bruce alikuwa anarudia yale yale. Mimi nawapinga kabisa. Alianza kuongoza Strictly Come Dancing, mashindano ya kudansi ya TV, mwaka 2004 akiwa na miaka 76, akaiongoza mpaka 2014, akapewa u-Sir, ile heshima ya kifalme, 2011, na hadi uzeeni alilitoa neno lile lile kwa furaha kama la jana. Kurudia bila kuchoka ni kazi, muulize yeyote anayelea mzee. Alifariki Agosti 2017 na majivu yake yako chini ya jukwaa la Palladium. Nikipata ofu ntaenda pale.

Saa moja usiku namkabidhi zamu kijana mgeni, wiki yake ya kwanza. Kwenye faili la bibi nimeongeza mstari, akiamka usimguse kwanza, simama mlangoni, sema nusu, subiri hata dakika nzima. Kijana akaniuliza nusu ya nini, nikavua koti tena nikaanza kumfundisha. Tramu ikaniacha.