Siku moja maishani mwangu: saa tatu ya nani?

Saa 11:40 alfajiri. Kigoma jua halina haraka. Tuko magharibi kabisa, mwisho wa reli, lakini saa tunatumia ile ile ya Dar. Giza bado, simu inanguruma chini ya mto. Ni sauti ya kaka wa dagaa, mfanyabiashara ninayemsaidia, yuko Dar: "Dada, mteja wa Mbeya apigiwe saa tatu." Kwenye kalenda naandika 9:00, nageukia upande wa pili.

Hiyo ndiyo kazi yangu ya pembeni, usaidizi wa mtandaoni. Najibu meseji za watu, napanga ratiba zao, naandika ankara, nawakumbusha wadaiwa. Nina wateja wawili na sijawahi kuonana uso kwa uso na hata mmoja.

Saa 2:00 asubuhi. Steshenari, Mwanga ya hapa Kigoma. Hapa ndipo penye mshahara. Natoa kopi, naprinti, najaza fomu za mikopo ya chuo. Ni hapa pia wazo lilipozaliwa. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, niandikie hiyo barua, uitume, na jibu likija uniite." Kuchapa nilimtoza kama kawaida. Ile ya "jibu likija uniite" nilimfanyia bure, tena kwa wiki mbili, nikaja kushtuka kwamba kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Saa 3:00. Duka limetulia, nampigia wa Mbeya. Anataka dagaa waliokaushwa kwenye vichanja. Wa mwisho walikuwa na mchanga, anasema, mboga ikawa inalia menoni. Naandika: jina, kilo, basi, hajalipa. Mama mwenye duka anajua ninachofanya. Tulikubaliana mambo mawili: mteja akisimama kaunta simu inawekwa chini, na bando nanunua mwenyewe.

Saa 7:00 mchana. Ugali, mgebuka. Tuendelee.

Saa 12:15 jioni. Nyumbani, laptop ya mtumba mezani. Sasa ni zamu ya mwalimu wa piano wa Leeds, Uingereza, anayefundisha kwa video. Nilimpata mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipopumzishwa kuvuliwa kuanzia Mei hadi Agosti. Dagaa hakuna, maagizo hakuna, nami nikabaki naitazama simu. Niliandika barua nyingi za kuomba kazi. Huyu alinijaribu kwa kunipa imeli 600 nizipange, akabaki nami. Paundi 7 kwa saa, saa 8 kwa wiki.

Leo ni Jumatatu, na jana Uingereza wamerudisha saa nyuma, kama wafanyavyo kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kutoka tofauti ya saa mbili na sisi, sasa ni tatu. Hilo nililijua. Wiki iliyopita niliwaandikia wanafunzi wote, hadi yule wa Dubai ambako saa haziguswi. Nilijiona fundi.

Saa 2:10 usiku. Umeme umekatika. Betri ya laptop inakaa dakika arobaini tu, kwa hiyo ankara namalizia kwenye simu, herufi ndogo kama chawa.

Saa 4:03 usiku. Meseji kutoka Leeds: "Mtoto wa New York yuko kwenye skrini anasubiri. Nina mwanafunzi mwingine hapa!"

Tumbo likaniuma. Nikahesabu kwa vidole gizani. Marekani nao hurudisha saa, ila Jumapili ya kwanza ya Novemba. Wiki hii moja, New York na Leeds wanapishana saa nne badala ya tano. Mimi nilimwandikia mama wa mtoto "saa ile ile ya kwenu." Nikamwandikia tena haraka: kosa ni langu, mtoto arudi baada ya saa moja. Mwalimu nikamwambia saa ya leo sitaidai. Alijibu neno moja tu, "Sawa," na kwa Waingereza sijui bado hiyo "sawa" ina uzito gani.

Saa 5:05 usiku. Mtoto amerudi, somo limeanza. Nimeweka ukumbusho wa Novemba na mwingine wa Machi, maana mwezi huo Marekani ndio hutangulia.

Simu tena. Kaka wa dagaa: "Dada, kesho tuongee saa mbili."

Nikamwandikia: "Ya asubuhi au ya usiku?"

"Dada, unaumwa?"