Sweta bichi, uji wa moto na kadi ya manila

Wazazi wa Arusha, Juni na Julai ndiyo miezi ya kuumbuka. Saa 12 asubuhi bado giza, gari la shule linapiga honi, na sweta lililofuliwa jana linachuruzika.

Likamue, litandaze juu ya taulo kavu, viringisha vyote pamoja kama chapati, kisha kanyaga kanyaga. Taulo litafyonza maji mengi. Ligeuze nje ndani ndipo ulitundike, kwa sababu kwapa na pindo za mikono ndizo hukauka mwisho. Ukipiga pasi weka kitambaa katikati; sweta nyingi za shule ni nyuzi za plastiki, pasi ya moto inaacha mng'ao usiotoka. Na tafadhali, jiko la mkaa lisilale chumbani ili nguo zikauke. Hewa yake inaua, na haina harufu ya kukuamsha.

Uji: kikombe 1 cha unga wa ulezi, vikombe 5 vya maji. Vuruga unga kwa maji baridi kwanza, ndipo umimine kwenye maji yanayochemka. Ukitupia mkavu, ni mabonge tu. Dakika 15, moto mdogo. Ukitia maziwa, limao acha, yatakatika. Chupa isuuze kwa maji ya moto kabla ya kujaza, la sivyo saa 4 mtoto anakunywa uji uliopoa.

Jioni, kagua madaftari kabla ya chakula. Kadi ya manila ya kesho haipatikani saa 3 usiku.