Nilivyoanza kupumzika kazi zikiwa bado hazijaisha

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye amechoka na bado hawezi kukaa chini, maana nimeishi hivyo miaka mingi. Ratiba nilikuwa nayo nzuri tu. Kazini bize, nyumbani bize, na kanisani ndo kabisa, kwaya, kamati, maombi ya alfajiri, kutembelea wagonjwa, magrupu ya simu yanalia mpaka usiku wa manane, na vyote ni vitu vizuri, hakuna hata kimoja ambacho ungesema hiki ni dhambi ngoja nikiache. Ndo maana huu uchovu ni mgumu kuutambua hasa kwa sisi watu wa kanisani, sisi tunauita kujitoa.

Mathayo 11:28 nilikuwa naijua kwa moyo, njoni kwangu ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha. Nikiisikia nafarijika, halafu nainuka naenda kumalizia vyombo. Kilichonifungua ni mstari mwingine ambao mi sijawahi kuusikia ukihubiriwa, Kutoka 34:21. Mungu anawaambia Israeli wafanye kazi siku sita na ya saba wapumzike, halafu anaongezea, wakati wa kulima na wakati wa kuvuna pia. Hebu mfikirie mkulima hapo, mazao yameiva yako shambani, mvua inaweza kushuka, ndege wanakula, na Mungu anamwambia leo kaa nyumbani. Hakusema ukishavuna ndo upumzike. Nilisoma nikarudia nikarudia tena, maana mimi maisha yangu yote nilikuwa nasubiri kazi ziishe kwanza, na kazi haziishi jamani, zinabadilika majina tu.

Nikaendelea kuchimba. Amri ya sabato, yaani ile siku ya kupumzika, kwenye orodha ya Amri Kumi imeandikwa mara mbili, kwenye Kutoka 20 sababu ni kwamba Mungu aliumba kwa siku sita akastarehe ya saba, lakini kwenye Kumbukumbu la Torati 5:15 sababu ni nyingine, wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri na Bwana akawatoa. Na ukirudi nyuma Kutoka 5 utaona Farao walipomwomba ruhusa ya kwenda kumwabudu Mungu aliwaambia ninyi ni wavivu, akaagiza wakatafute majani wenyewe na hesabu ya matofali isipungue. Hapo nilikaa kimya muda mrefu sana. Kuna sauti ilikuwa inaniambia mvivu wewe kila nikikaa kidogo, na siku zote nilidhani ni dhamiri yangu au hata Roho Mtakatifu. Kumbe maneno yale yanafanana na ya Farao kuliko ya Baba yangu aliye mbinguni.

Sasa nilifanyaje. Nilimshirikisha kwanza mume wangu tukachagua siku moja kwenye wiki, kuanzia jioni mpaka jioni inayofuata. Kabla haijaanza naandika kwenye karatasi kila kitu ambacho sijamaliza, ripoti ya bosi, nguo, mtu niliyeahidi kumpigia, naomba juu ya ile karatasi kwa kutaja kimoja kimoja, Bwana hiki kiko kwako mpaka kesho jioni. Halafu naikunja. Simu nazima inakaa kabatini, na watu wa karibu nimeshawaambia kama kuna dharura wampigie mume wangu. Hii ya karatasi naipendekeza sana kwa sababu kichwa kinaacha kuzunguka, kinajua kitu hakijapotea.

Mwanzoni ilikuwa ngumu usiombe. Mikono inawasha inatafuta simu, na ule ukimya ukaleta vitu ambavyo ubize ulikuwa umevifunika, huzuni ya mambo ya zamani, msiba ambao sikuupa nafasi ya kuulilia vizuri. Nililia sana zile siku. Nadhani wengi tunakimbia kupumzika kwa sababu hiyo, tunaogopa tutakutana na nini tukinyamaza, na hapo ndo Mathayo 11 ikaanza kuwa hai maana anasema mtapata raha nafsini mwenu, pumziko lake linafika mpaka kule ndani ambako usingizi peke yake haufiki.

Ila usingizi nao ni wa kiroho jamani! Eliya kwenye 1 Wafalme 19 amekata tamaa mpaka anaomba afe, na malaika hakumkemea wala hakumpa semina, alimgusa akamwambia inuka ule, akala akalala tena, akaguswa mara ya pili, akala tena, ndo akaenda Horebu kumsikia Mungu. Kuna siku zangu za mapumziko nimelala mchana kutwa na sijisikii vibaya hata kidogo.

Dada mmoja wa kwaya aliniuliza mpendwa mbona siku hizi hatukuoni kila mahali, umepoa? Nilimwambia dada yangu sijapoa, soma Marko 6:31, wanafunzi wametoka kuhubiri na watu wanaingia na kutoka mpaka hawana nafasi hata ya kula, na Yesu mwenyewe anawaambia njoni faraghani mkapumzike kidogo. Kwenye kamati nimebaki na moja, na ile niliyoiacha imepata mtu anayeifanya vizuri kuliko mimi.

Najua kuna mama ana kichanga, kuna nesi na mlinzi wa zamu za usiku, siku nzima hawaipati. Kwenu nyie nasema endeleeni na hiyo Marko 6. Yale mapumziko yalivunjika, makutano waliwahi kufika kabla ya mashua ya Yesu na wanafunzi wake, Yesu akawahurumia akawafundisha akawalisha. Ila jioni ile aliwaaga watu akapanda mlimani peke yake kuomba, mstari wa 46. Muda wake uliingiliwa na baadaye akautafuta tena. Kwa hiyo kama mtoto kalala na umepata nusu saa, vyombo viache, zima simu, mwambie Bwana nimechoka, ulale.