Siku moja na kabrasha: kazi ya mratibu wa vikao vya madiwani

Saa 10:30 alfajiri

Mvua imenyesha usiku kucha. Kwa mtu wa kazi yangu, mvua ya masika ni habari ya akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali. Bonde la Jangwani likijaa maji barabara hufungwa, foleni ikahamia njia nyingine zote, na diwani aliyeondoka kwake saa mbili asubuhi anaingia kikaoni saa tano. Kwa hiyo kabla hata sijapiga mswaki nimeshatuma ujumbe kwenye kundi la wajumbe: "Waheshimiwa, kikao ni saa 3:00 kamili. Naomba mzingatie hali ya barabara."

Mimi ni mratibu wa vikao katika halmashauri mojawapo ya mkoa wa Dar es Salaam. Mkoa una halmashauri tano: ya Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, na kila moja ina Baraza la Madiwani na kamati zake za kudumu. Naandaa ajenda, nagawa makabrasha (nyaraka za kikao), nahesabu akidi, naandika muhtasari, kisha nafuatilia yatokanayo. Ndugu zangu wakisikia "vikao" wanaona soda, korosho na posho. Mama mdogo aliwahi kuniambia mbele ya wageni, "Huyu kazi yake kukaa tu." Nakaa kweli. Leo nataka mkae nami.

Saa 1:15 asubuhi

Nimefika ofisini kutoka Mbagala, suruali imelowa hadi magotini. Leo ni kikao cha kamati, na kabrasha lake lina kurasa 86 na mambo makubwa mawili: mapitio ya Kanuni za Kudumu, zile zinazoongoza namna vikao vinavyoendeshwa, na rasimu ya sheria ndogo za usafi wa mazingira.

Nafungua nakala moja kwa mazoea tu. Ukurasa wa 41 umejirudia. Wa 42 haupo. Nafungua ya pili, hivyo hivyo. Nakala zote. Na ukurasa wa 42 ndio wenye jedwali la ada, yaani nani atalipa nini. Mjumbe akijadili sheria ya ada bila jedwali atakuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Basi nikaanza kuzifumua moja baada ya nyingine, mama wa chai akaacha birika lake akaja kunishikia kurasa. Huyu mama yuko hapa kabla yangu, na hakuna mwanasheria anayezijua ibara za Kanuni za Kudumu kwa kuzisikia kama yeye. "Mwanangu," akaniambia, "bora umeliona wewe kuliko angeliona yule mheshimiwa wako."

Yule mheshimiwa wangu nitamfikia.

Saa 3:00

Wajumbe wanne. Akidi haijatimia. Saa 3:30, watano. Mwenyekiti ananiangalia, nami naangalia mlango. Simu yangu inaita: mmoja yuko Tazara, hatoki wala harudi; mwingine ameacha gari na kupanda bodaboda, anakuja kwa miguu kipande cha mwisho. Saa 4:40 akidi ikatimia, na niliandika muda huo kwa dakika zake. Kikao kilichofanya maamuzi bila akidi ni kazi bure, hata kama waliokuwepo wote walikubaliana.

Kanuni za Kudumu hazikuchukua muda mrefu, ingawa ndizo nilizoziogopa. Kamati ilitaka ijadili tusubiri akidi kwa muda gani kabla ya kuahirisha (asubuhi yenyewe ilishatoa mfano), mjumbe azungumze dakika ngapi kwenye hoja moja, na kama vishikwambi vichukue nafasi ya makabrasha ya karatasi. Mjumbe mmoja mtu mzima alisema macho yake hayakubaliani na kioo, akaomba atakayehitaji karatasi aendelee kupewa. Ikapita hivyo. Nilifurahi kwa ajili yake, na pia kwa sababu kishikwambi hakirudii ukurasa wa 41.

Saa 6:00 mchana, na kuendelea

Hapa ndipo siku ilipolala.

Rasimu ya usafi, kifungu cha 9, ilisomeka hivi: "Kila nyumba ya makazi italipa ada ya uzoaji taka kila mwezi." Mkuu wa kitengo alisoma, akapumua, akataka kuendelea na cha 10.

"Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Mwenyekiti!"

Ndiye huyo. Katika kila kikao mheshimiwa huyu husimama mara nane, mara tisa. Hudai muhtasari uliopita usomwe neno kwa neno. Aliwahi kukataa kuuthibitisha kwa sababu niliandika "alishauri" badala ya "alitaka". Nitasema ukweli: anaponyanyuka, mabega yangu hushuka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba mtaalamu aniambie nyumba ni nini."

Wengine waliguna. Yeye hakuketi. Akasema katika kata yake ipo nyumba ya vyumba kumi, wapangaji kumi, kila mmoja na jiko lake la mkaa mlangoni. Kata ya jirani ipo nyumba yenye ukuta, familia moja, magari mawili. Kwa kifungu hiki zote ni nyumba, zote zinalipa sawa. Ni haki?

Mkuu wa kitengo akasema basi tuandike "kaya". Tukadhani tumemaliza.

Akasimama mheshimiwa wa viti maalumu. Kaya, alisema, kama tulivyohesabiwa kwenye sensa ya 2022, ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Sasa yule kijana wa bodaboda anayelala chumba kimoja na kula kwa mama lishe asubuhi, mchana na jioni, chungu chake kiko wapi? Mtaalamu akajibu kwamba mtu mmoja anayejitegemea naye ni kaya. "Sawa," akasema mheshimiwa huyo wa viti maalumu, "lakini maganda ya chakula chake yako kwa mama lishe, na mama lishe analipa ada ya biashara. Hizo taka tutazitoza mara ngapi?"

Hapo hakuna aliyeguna tena. Sensa ile ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Sijui ni wangapi wanaoishi chumba kimoja bila chungu, lakini nakaa Mbagala na nyumba ninayopanga mimi ina wawili.

Halafu likaja swali la nani adaiwe. Mwenye nyumba? Ataongeza kwenye kodi, na kodi yenyewe hudaiwa ya miezi sita kwa mkupuo. Mpangaji? Leo yupo, kesho kahamia Chanika, na mtoza ada anagonga mlango mtupu. Mheshimiwa wangu akasimama tena, safari hii sauti ikiwa chini. Akasimulia habari ya bibi mmoja mjane katani kwake. Mumewe alimwachia nyumba. Anaishi chumba cha uani, vyumba vya mbele amepangisha, kodi hiyo ndiyo unga wake na dawa yake ya presha. Wapangaji wasipolipa ada ya taka, kwa kifungu hiki mgambo wanamfuata yeye, kwa sababu nyumba ni yake.

"Naomba kuuliza, Mheshimiwa Mwenyekiti. Tumekusudia kumkamata bibi?"

Mwanasheria wetu akaomba nafasi, na naandika hapa alivyoeleza kwa sababu watu wengi hawajui. Mamlaka ya kutunga sheria ndogo tunayapata kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, na wajibu wetu juu ya taka umo pia kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Sheria ndogo haiwezi kwenda kinyume na sheria mama. Ikienda, mahakama itaitengua. Ikitoka hapa, inatangazwa ili wananchi watoe maoni na mapingamizi. Baraza linaipitisha. Inakwenda Dodoma kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, na akiiridhia inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Kabla ya hapo huwezi kumtoza mtu faini kwa sheria hiyo. Na neno likikosewa, kulirekebisha ni kuipita njia ile ile tena, hatua kwa hatua. "Ndiyo maana," akasema, "ni afadhali tuchelewe hapa."

Sikumbuki tulikula saa ngapi. Wali ulikuwa umepoa. Vidole vilikuwa vimekakamaa, na kinasa sauti kilikuwa kimebakiza chaji kidogo sana, kwa hiyo nikawa naandika kwa mkono kila kitu, pamoja na wale wanaoongea wawili kwa wakati mmoja. Kuna saa katika kikao ambapo hakuna anayekumbuka kwamba mwandishi naye ana mgongo.

Walipoamua, waliamua hivi. Ada iwe kwa kaya. Neno "kaya" lifafanuliwe kwenye kifungu cha tafsiri, lisiachwe likielea. Mwenye nyumba awasilishe orodha ya wapangaji kwa serikali ya mtaa, lakini deni la mpangaji lisiwe lake. Suala la kijana wa bodaboda lilirudishwa kwa wataalamu, kwa sababu kila jibu lililotolewa lilimwonea mtu. Vifungu vingine kumi na vinne vilipita haraka. Nilitamani viwili kati ya hivyo vijadiliwe zaidi, kile cha muda wa kutoa taka nje na kile cha maji machafu, ila mratibu hana sauti kikaoni.

Jioni nilikusanya makabrasha yaliyoachwa mezani. Moja lilikuwa na ukurasa wa 42 uliochorwa kalamu nyekundu juu hadi chini, maswali pembeni, hesabu za vyumba na wapangaji. Sikuhitaji kutazama jina.

Daladala ilijaa. Nilisimama hadi Mtoni Mtongani, nikapata siti, nikasinzia, nikaamshwa na konda Rangi Tatu.

Usiku

Mtoto keshalala. Nimekaa mezani na daftari, naandika muhtasari ungali wa moto kichwani. Saa 3:40 simu ikaita. Yeye.

"Dada, samahani kwa usiku huu. Umeandika nilisema 'nyumba' au 'kaya'?"

"Ulianza na 'nyumba', Mheshimiwa. Baadaye ukaunga mkono 'kaya'."

"Na habari ya yule bibi umeiandika?"

Muhtasari hauandiki hadithi. Unaandika hoja na maamuzi. Nikamwambia nimeandika kwamba mjumbe alitahadharisha juu ya wamiliki wazee na wajane wanaotegemea kodi ya nyumba.

Akanyamaza kidogo. "Alitahadharisha," akarudia. "Sawa. Liache hilo."

Alipokata simu nilichaji kinasa sauti, nikarudisha nyuma hadi kifungu cha 9, nikasikiliza upya.