Nani Atakuwa Nathani wa Mtoto Huyu?

Masomo ya wiki: Luka 1:57–66; 2 Samweli 12:1–25; 1 Wafalme 1:5–40

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Elisabeti alipojifungua, majirani na jamaa zake walikuja kufurahi pamoja naye, na walikuja na jina mkononi. Ilipofika siku ya nane, siku ya kumtahiri mtoto, wao walikuwa wameshaamua: ni Zakaria, jina la baba yake. Hakuna aliyewaomba. Mama mtu akawakatiza: "La, sivyo, bali, ataitwa Yohana." Wakamjibu kwa hoja ambayo kila mwenye ukoo anaijua: "Hapana mtu katika jamaa zako aitwaye jina hilo." Kisha wakamruka mama, wakamwendea baba ambaye alikuwa hawezi kusema, wakamwashiria. Naye akataka kibao, akaandika.

Majirani hawa siwalaumu. Mtoto wa uzeeni amezaliwa nyumba ya pili, nani angekaa kimya? Furaha ya mtoto mchanga haina mipaka ya boma. Kila mtu anataka kumshika, kila mtu anaona pua ya nani ameichukua, na kila mtu ana jina.

Tulioifuatilia London mwezi Julai 2013 tuliwaona majirani wa Elisabeti kwa maelfu. Waandishi wa habari walipiga kambi siku nyingi nje ya hospitali ya St Mary's, Paddington, wakingoja mzaliwa wa kwanza wa Mwanamfalme William na mkewe Catherine. Alizaliwa Jumatatu, tarehe 22, mtoto wa kiume, na tangazo likawekwa kwenye kibao cha miguu mitatu katika uwanja wa mbele wa kasri la Buckingham, watu wakisukumana kwenye uzio kulisoma. Kabla hata hajazaliwa watu walishagawanyika kambi. Waliodhani atakuwa msichana walisema Alexandra. Waliodhani ni mvulana, wengi wao walisema George, wakiwa na hoja ileile ya Luka sura ya kwanza: tazameni katika jamaa zake. Wafalme sita wa Uingereza wamekwisha kuitwa George, na wa mwisho wao, baba yake Malkia Elizabeth, hata hakubatizwa kwa jina hilo kama jina lake la kwanza. Aliitwa Albert, akachukua la George alipopanda kitini mwaka 1936. Siku mbili baadaye likatoka: George Alexander Louis. Kambi moja ikashangilia.

Lakini ukoo haujibu kila swali. Mwaka 2018, mdogo wake alipozaliwa tarehe 23 Aprili, wengi waliapa kwamba ni Arthur. Siku nne wakangoja. Akaitwa Louis, na hilo Arthur likakaa nafasi ya pili. Wakastaajabu wote, kama asemavyo Luka.

Niseme jambo moja hapa kabla sijaendelea, kwa sababu vijana wetu wanasoma tafakari hizi. Kampuni za kamari za Uingereza hufungua dau juu ya majina ya watoto hawa, na watu huweka pesa. Jina la mtoto si la kuwekewa dau. Ndugu, tukisie kwa furaha, tucheke, tubishane mezani, lakini mtoto wa mtu asiwe mkeka.

Wadenmark wana desturi ambayo naipenda zaidi. Huko, jina la mtoto wa kifalme halitangazwi mpaka siku ya ubatizo. Mwana wa kwanza wa Frederik, ambaye wakati huo alikuwa mrithi wa kiti na leo ndiye mfalme, alizaliwa tarehe 15 Oktoba 2005. Taifa zima likangoja mpaka tarehe 21 Januari 2006, katika kanisa la kasri la Christiansborg mjini Copenhagen, ndipo likasikia: Christian Valdemar Henri John. La kwanza halikuwashangaza sana, maana kwa zaidi ya miaka mia nne, mpaka mwaka 1972, wafalme wao walikuwa Christian na Frederik wakipokezana. Wadogo zake mapacha, waliozaliwa tarehe 8 Januari 2011, walingojewa mpaka katikati ya Aprili, na kati ya majina yao yakatoka Minik na Ivalo, majina ya watu wa Greenland. Huo ndio uzuri wa kungoja. Kwa miezi mitatu mtoto analishwa, analelewa, anaombewa, na hakuna gazeti linalojua aitweje. Jina linasikika kwa mara ya kwanza pale palipo na maji na Neno.

Na pale kwenye maji hutokea jambo ambalo magazeti hayaliandiki, kwa kuwa macho yao yako kwenye gauni la lesi na kofia za wageni. George alibatizwa tarehe 23 Oktoba 2013 katika kanisa dogo la kasri la St James's, mbele ya wageni 22 tu, na Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby. Beseni lilikuwa lile la fedha lililotengenezwa mwaka 1840 kwa ajili ya mzaliwa wa kwanza wa Malkia Victoria. Maji yalitoka mto Yordani. Vyote vizuri. Lakini utaratibu wa ibada ya ubatizo hauna nafasi ya cheo. Mhudumu hutaja jina la mtoto, kisha hutaja Jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, basi. Mtoto wa mvuvi wa Kilwa na mtoto atakayevaa taji hutajiwa Jina hilohilo, na wote wawili huingia humo mikono mitupu. Bwana alisema kwa kinywa cha Isaya, "nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu." Hakusema anawaita wakubwa kwa sauti nyingine.

Sasa nije kwenye kisio la pili, ambalo ndilo lililonisukuma kuandika wiki hii: wasimamizi. Baba wa ubatizo ni nani? Mama wa ubatizo ni nani? Kwa watoto wa kifalme watu hulikisia hili kama wanavyokisia jina, na mara nyingi hukosea zaidi. Mwaka 2013 wengi walidhani lazima watakuwa Harry, mdogo wake William, na Pippa, mdogo wake Catherine. Orodha ilipotoka ilikuwa na watu saba, na wao hawamo. Walipewa kusoma Maandiko: Pippa akasoma Luka 18, Yesu akiwaita watoto waje kwake, na Harry akasoma Yohana 15, mzabibu na matawi. Wapo waliowahurumia. Mimi sioni cha kuhurumia hapo. Kumsomea mtoto Neno siku ya ubatizo wake si zawadi ndogo.

Katika wale saba, wengi waliangalia jina la Hugh Grosvenor, kijana wa miaka 22, kwa sababu ya utajiri wa ukoo wake. Hawakuuliza amefikaje pale. Mama yake ni mmoja wa wasimamizi waliosimama William mwenyewe alipobatizwa tarehe 4 Agosti 1982. Yaani mama alimsimamia baba, na mwana akaja kumsimamia mwana. Uzi wa namna hiyo haununuliwi.

Yupo mwingine aliyenigusa zaidi. Julia Samuel alikuwa rafiki wa Diana, mama yake William, aliyefariki mwaka 1997. Kazi yake ya miaka mingi ni kukaa na waliofiwa, hasa wazazi waliopoteza watoto na watoto waliopoteza wazazi, na kwa miaka mingi aliifanya katika hospitali hiyohiyo ya St Mary's alikozaliwa George. Fikirini: mtoto amezaliwa na bibi ambaye hatamwona kamwe, na ambaye kila mtu duniani ana picha yake. Siku moja atauliza, "Bibi alikuwa mtu wa namna gani?" Wazazi wake wakamchagulia mtu aliyemjua bibi huyo, anayejua kukaa mahali penye msiba bila kukimbia. Sijui mioyo ya watu, lakini chaguo hilo kwangu lina hekima.

Halafu kuna Archie, mtoto wa Harry na Meghan, aliyebatizwa tarehe 6 Julai 2019 katika kanisa la faragha la kasri la Windsor. Kasri lilisema wasimamizi wake hawatatajwa, kwa matakwa yao wenyewe. Kelele zilipigwa! Watu walijiona wameibiwa haki yao ya kujua. Mimi naamini wasimamizi wanapaswa kujulikana na kusanyiko linaloshuhudia ubatizo, kwa kuwa wanasimama mbele ya kanisa na wanajibu mbele ya kanisa. Magazeti si kusanyiko hilo. Mtoto akimjua msimamizi wake, na msimamizi akamjua Mungu, dunia nzima ikikosa jina lake mtoto hajapungukiwa kitu.

Maana wasimamizi wanaitiwa nini? Tumesimama pale, tunayajua maswali. Unamkataa shetani? Unaikataa dhambi? Unamwamini Kristo? Utamlea mtoto huyu katika imani, utamsaidia akae mahali pake katika kanisa la Mungu? Kanisa la Uingereza linataka wasimamizi wasiopungua watatu kwa kawaida, wawili wa jinsia ya mtoto na mmoja wa jinsia nyingine, nao wawe wamebatizwa. Ndugu zetu Wakatoliki hutosheka na mmoja au wawili, lakini wanataka awe ametimiza miaka 16, awe amepata kipaimara, na aishi maisha yanayolingana na imani anayoidhamini. Hakuna kanisa ninalolijua linalouliza gari lake ni la namna gani.

Ila sisi tunauliza. Tuseme ukweli, wapendwa. Katika sharika zetu mtoto wa mwezi mmoja anatafutiwa bosi, mheshimiwa, mjomba wa Ulaya, mtu wa kulipia sherehe na baadaye ada ya shule. Mama mcha Mungu wa jumuiya, aliyefunga na kuomba mimba ilipokuwa inatishia kutoka, anawekwa jikoni asimamie pilau. Kisha mtoto anafika darasa la kipaimara, mchungaji anamwuliza wasimamizi wake ni akina nani, anainua mabega. Jambo hili linaniuma, na sitaacha kulisema.

Biblia inatuonyesha mtoto wa kifalme mwenye msimamizi wa kweli, ingawa neno hilo halikuwapo. Sulemani, mwana wa Mfalme Daudi, alipozaliwa, jina la kasri lilikuwa limeshatolewa. Ndipo Bwana, aliyempenda mtoto huyo, akatuma jina jingine, Yedidia. Tazameni alilituma kwa mkono wa nani: Nathani nabii. Ni Nathani yuleyule wa mwanzo wa sura hiyo, aliyeingia kwa Daudi akamsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake, na mfalme alipowaka hasira akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Kinywa kilichomkemea baba ndicho kilicholeta jina la mtoto. Daudi angeweza kumfukuza mtu huyo kasrini asimwone tena. Hakumfukuza. Nyumba ile ilikuwa na makosa mengi, lakini ilimwachia mlango mtu anayesema kweli.

Baadaye Nathani ananyamaza katika Maandiko kwa miaka mingi. Mtoto anakua. Daudi anazeeka, anafunikwa nguo asipate moto, na Adoniya, mwanawe mwingine, anajitangaza mfalme. Anafanya karamu karibu na En-rogeli, anaalika wakubwa wa nchi. Nathani na Sulemani hawaalikwi. Bathsheba, mama yake Sulemani, hana habari. Ni nani anayekwenda kumwamsha? Nani anampa shauri la kuokoa maisha yake na ya mwanawe? Nani anaingia nyuma yake kwa mfalme, anainama kifudifudi, na kuuliza swali linalopaswa kuulizwa? Mzee yuleyule. Jina alilolileta kwa mtoto mchanga bado lilikuwa na uzito moyoni mwake, na siku mtoto huyo alipokuwa hatarini, miguu yake ilijua njia ya kwenda. Kisha akateremka mpaka Gihoni pamoja na Sadoki kuhani, Sulemani akapakwa mafuta, na watu wakapiga mazomari mpaka nchi ikatetemeka.

Kwa hiyo mtoto mwingine akizaliwa kasrini, popote pale, na watu wakaanza tena kukisia, nami nitakisia nao jina. Ila swali langu kubwa litakuwa juu ya wale watakaosimama naye kwenye maji: yumo humo awezaye kumwambia mfalme kweli? Atakuwa bado yupo mtoto akiwa na miaka 20? Na yule wa kwenu, ambaye mnamtafutia wasimamizi mwezi huu, yumo Nathani katika majina mliyoyaandika?

Mtume Paulo alimwagiza Timotheo kwamba dua na sala zifanyike kwa ajili ya watu wote, na kwa ajili ya wafalme. Na watoto wa wafalme wamo. Tuombe.

Baba, uliyemwita Yohana kabla majirani hawajafika, tunakuletea George, Charlotte, Louis, Archie, Christian na ndugu zao wote waliozaliwa mbele ya kamera bila kuchagua. Tunakuletea pia watoto watakaobatizwa katika sharika zetu Jumapili hii. Wape watu wa kuwaambia kweli. Wakumbushe wasimamizi waliosahau. Yule ambaye hajampigia mtoto wake wa ubatizo tangu siku ya keki, ampigie wiki hii, amwulize anaendeleaje na anasali wapi. Nasi tuliosimamiwa na watu ambao sasa wamelala katika Kristo, tunakushukuru kwa ajili yao. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.